Dola Jasiriamali kwa Lugha ya Nani? Uhakiki wa Hoja ya Mazzucato kwa Kuzitazama Arua na Koboko

Ikisiri

Makala hii inahakiki hoja ya Mariana Mazzucato kwamba dola ndiyo iliyobeba hatari ya mwanzo katika kuzaliwa kwa teknolojia kubwa za zama hizi. Inaikubali hoja hiyo kwa sehemu kubwa, ila inadai kwamba imeacha pengo: haiulizi dola inapobeba hatari huibeba kwa lugha gani, na inamsikiliza nani. Pengo hilo linaonyeshwa kwa kutazama teknolojia za utambuzi wa usemi na tafsiri ya mashine kutoka Arua na Koboko, katika Nile Magharibi ya Uganda, ambako serikali imefikisha nyaya na chuo kikuu, lakini uamuzi wa lugha zipi mashine zizisikie umefanywa kwingine. Makala inapendekeza dola itazamwe kama mnunuzi wa kwanza, na mipaka ya pendekezo hilo inajadiliwa.

Hoja na uzito wake

Kitabu cha Mazzucato, The Entrepreneurial State, kilichotoka mwaka 2013, kiliandikwa kuwajibu wanaoiona serikali kuwa mzigo ambao wabunifu hulazimika kuuburuta. Mtaalamu huyo anaichukua simu ya iPhone na kuichambua kipande kwa kipande. Intaneti ilitokana na fedha za ulinzi za Marekani; mfumo wa GPS vivyo hivyo; kioo cha kugusa kilipitia mikononi mwa taasisi zilizolishwa na ruzuku za umma; na Siri, msaidizi anayesikia na kujibu, ilichipuka kutoka mradi wa CALO uliogharimiwa na DARPA, wakala wa utafiti wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani, kuanzia mwaka 2003. Apple iliinunua Siri mwaka 2010. Kufikia hapo sehemu ngumu ya safari ilikwisha kulipiwa na mlipakodi. Kutokana na mifano hiyo Mazzucato anafikia shtaka lake kuu, kwamba hasara hufanywa ya umma na faida hufanywa ya wachache.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu zake za kuipenda hoja hii. Katika miongo ya 1980 na 1990 nchi za ukanda huu zilishauriwa, na mara nyingi zilishurutishwa, kuiondoa serikali katika uzalishaji na kuliachia soko. Kuambiwa leo kwamba nchi iliyokuwa mstari wa mbele kutoa ushauri huo haikuufuata yenyewe katika maabara zake ni jambo la kuburudisha. Uganda nayo haikukaa kimya. Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia liliundwa mwaka 1990. Gari la umeme la Kiira EV lilitokea Makerere mwaka 2011 kwa fedha za serikali, likafuatwa na basi la Kayoola mwaka 2016. Na Mpango wa Tatu wa Maendeleo ya Taifa, wa 2020/21 hadi 2024/25, ulitenga programu nzima ya ubunifu na uhawilishaji wa teknolojia. Mtu anaweza kubishana kuhusu matokeo ya juhudi hizo. Hawezi kudai kwamba dola ya Uganda haijawahi kuthubutu.

Tatizo liko kwingine. Mifano ya Mazzucato karibu yote huhusu vyombo: saketi, betri, dawa, kinu cha upepo. Chombo hakina lahaja. Betri iliyobuniwa California huwaka vilevile Koboko. Siri ni mfano wa aina nyingine kabisa, na inashangaza kwamba kitabu kinaipanga pamoja na kioo cha kugusa kana kwamba hakuna tofauti. Ilipotoka ndani ya iPhone 4S mwaka 2011, Siri ilisikia Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani. Fundi wa simu wa Arua aliyeishika siku hiyo alikuwa ameshika kioo kinachomtii na sikio lisilomsikia.

Dola iliyokisikiliza Kiswahili

Teknolojia za lugha hazikuwahi kuwa tunda la udadisi mtupu. Onyesho la Georgetown na IBM la mwaka 1954, ambapo kompyuta ilitafsiri zaidi ya sentensi 60, lilikuwa la Kirusi kwenda Kiingereza, na hakuna haja ya kueleza ni kwa nini haikuwa Kireno. Mwaka 1966 kamati iliyoundwa kwa niaba ya serikali ya Marekani, ALPAC, iliripoti kwamba tafsiri ya mashine haikuwa imelipa gharama zake. Fedha zikakauka kwa miaka mingi. Kati ya 1971 na 1976 ARPA, mtangulizi wa DARPA, iligharimia utafiti wa kuelewa usemi katika vyuo kama Carnegie Mellon. Kila zamu kati ya hizi, dola ndiyo iliyofungua bomba na dola ndiyo iliyolifunga. Hadi hapa Mazzucato yuko sahihi.

Lakini tazama zamu iliyofuata. Katika muongo uliopita IARPA, wakala wa utafiti wa jumuiya ya ujasusi ya Marekani, iliendesha programu ya Babel iliyolenga utambuzi wa usemi katika lugha zenye rasilimali chache. Kiswahili kilikuwamo. Hazina iliyotokana na kazi hiyo ina takriban saa 200 za mazungumzo ya simu na usomaji, yaliyorekodiwa kati ya 2012 na 2014, na Kiswahili chake ni kile cha eneo la Nairobi. Husambazwa na kituo cha Linguistic Data Consortium cha Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Baadaye programu nyingine ya wakala huohuo, MATERIAL, ilikichukua tena Kiswahili pamoja na Kisomali.

Kwa hiyo dola jasiriamali imekwisha kuwekeza katika Kiswahili. Ni dola nyingine, kwa shabaha nyingine. Jambo hili halipaswi kuleta hasira ya haraka, kwani watafiti wengi wa ukanda huu wamefaidika na matokeo yake. Linapaswa tu kutusaidia kusoma vizuri. Mazzucato anaposema kwamba dola ilibeba hatari, kitenzi hicho kina mtendwa ambaye hatajwi: hatari ilibebwa kwa ajili ya kumsikia nani? Katika historia ya teknolojia za usemi jibu mara nyingi limekuwa adui, au yule anayedhaniwa kuwa atakuja kuwa adui. Mteja wa duka la simu alikuja baadaye.

Mfereji umechimbwa

Nile Magharibi ni mahali pazuri pa kuipima hoja hii kwa sababu huko soko lilijaribiwa mapema. Mwaka 2003 eneo hili, lililokuwa nje ya gridi ya taifa, lilikabidhiwa kampuni ya WENRECo ya kundi la Aga Khan, kwa msaada wa Benki ya Dunia na benki ya maendeleo ya Ujerumani, KfW. Kituo cha maji cha Nyagak cha megawati 3.5 kilianza kazi mwaka 2012. Kwa miaka mingi Arua na Koboko ziliishi kwa mgawo na kwa jenereta, hadi gridi ya taifa ilipowasili mwaka 2024. (Inafaa kukumbukwa, kwa kupita tu, kwamba kampuni iliyosambaza umeme wa gridi kwa sehemu kubwa ya Uganda tangu 2005 hadi 2025 ilijiita Umeme, kwa Kiswahili, na mkataba wake haukuigusa Nile Magharibi, mojawapo ya sehemu chache za nchi ambako neno hilo halihitaji kutafsiriwa sokoni.)

Mkongo wa mawasiliano ulitangulia gridi. Awamu ya nne ya mkongo wa taifa, iliyosimamiwa na Mamlaka ya Teknolojia ya Habari ya Taifa, NITA-U, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, iliufikisha Nebbi, Arua, Koboko na Yumbe. Hakuna kampuni binafsi ambayo ingeupeleka hadi Koboko kwa hesabu za faida pekee. Chuo Kikuu cha Muni, cha serikali, kilichojengwa kando ya Arua, kilianza kupokea wanafunzi mwaka 2013, na tangu mwanzo kiliegemea teknolojia ya habari. Arua yenyewe ilipandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2020. Orodha hii si ndogo, na mhakiki anayeipuuza hatendi haki.

Ila serikali hiyohiyo iliyochimba mfereji iliweka mtoza ushuru mdomoni mwake. Julai 2018 ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii, na Julai 2021 kodi hiyo ikabadilishwa kuwa asilimia 12 juu ya bei ya data. Kwa muuza mihogo wa Koboko anayetuma ujumbe wa sauti kwa Kikakwa kwa sababu hakuna kibodi wala kisahihishi kinachoijua lugha yake, kodi ya data ni kodi ya kusema. Sauti ina uzito mkubwa kuliko maandishi. Hula data zaidi. Sera ya kodi na sera ya lugha hukutana hapo bila waandishi wa sera hizo kuonana.

Lugha zilizoitwa na zilizosahaulika

Hapa ndipo kiini cha uhakiki huu. Arua na Koboko ziko umbali wa safari fupi ya barabara, lakini Kilugbara na Kikakwa si ndugu. Kilugbara ni cha tawi la Moru-Madi la Sudani ya Kati. Kikakwa ni cha Kinailoti cha Mashariki, jamaa ya Kibari. Mtu wa Koboko mara nyingi hujua zote mbili, na huongeza Kiswahili, Kinubi, Kiarabu cha Juba na Kilingala kwa kadiri ya biashara yake, maana mipaka ya Kongo na Sudani Kusini iko karibu kabisa.

Kilugbara kimeitwa mezani, ingawa kwa sauti ya chini. Sensa ya 2014 iliwahesabu Walugbara zaidi ya milioni moja. Mradi wa usomaji uliofadhiliwa na serikali ya Marekani kupitia USAID ulikijumuisha miongoni mwa lugha 12 za kuandaliwa vitabu vya madarasa ya chini, baada ya mtaala wa mwaka 2007 kuagiza watoto wafundishwe kwa lugha ya eneo lao katika miaka mitatu ya mwanzo. Shirika la Sunbird AI la Kampala, lisilo la kiserikali, lilikitia katika mkusanyiko wake wa SALT uliotoka mwaka 2022: sentensi 25,000 zilizotafsiriwa kwa Kiganda, Kinyankole, Kiacholi, Kiteso na Kilugbara. Hiyo ni kazi ya kuheshimiwa.

Kikakwa hakimo katika zile 12, wala hakimo katika zile tano. Google ilipoongeza lugha 110 katika huduma yake ya tafsiri Juni 2024, Kialur na Kiacholi ziliingia, na pia Kidinka na Kinuer za Sudani Kusini. Kilugbara na Kikakwa hazikuingia. Ukiichora ramani ya lugha zinazosikika na mashine kuizunguka Koboko, unapata mduara wenye shimo katikati.

Nani alichimba shimo hilo? Si mtu mmoja, na hapa hoja ya Mazzucato inakosa zana. Kwake yeye uchaguzi wa dola huonekana kwa matendo yake: imefadhili hiki, imeacha kile. Katika Nile Magharibi uchaguzi umefanyika kwa msururu wa kutokuamua. Lugha iliyokosa mtaala wenye fedha hukosa vitabu. Iliyokosa vitabu hukosa tahajia inayofuatwa na wengi. Iliyokosa tahajia hiyo hukosa matini mtandaoni. Na iliyokosa matini mtandaoni haionekani kwa mhandisi wa mbali anayetafuta lugha ya kuongeza. Kila ofisi katika msururu huo yaweza kuapa kwamba haikukibagua Kikakwa, na kila moja itakuwa inasema kweli.

Hata Kilugbara kilichoitwa kina madai yake. Tahajia yake huandika konsonanti fulani kwa ritifaa kabla ya herufi, kama katika 'ba, yaani watu, kuitofautisha na b ya kawaida. Kwenye simu ritifaa huachwa au hugeuzwa alama ya kunukuu, na programu isiyojua huifuta kama uchafu. Toni, ambazo hubeba maana, kwa kawaida haziandikwi kabisa. Zaidi ya hayo, tofauti za Ayivu, Vurra, Maracha na Terego si mapambo. Mfumo wa usemi uliofunzwa kwa matini bila sauti za watu wa sehemu hizo utaisikia Arua kama mgeni aliyejifunza lugha kwa kitabu.

Je, Kiswahili hakitoshi? Wako watakaouliza hivyo, hasa katika makongamano ya Kiswahili. Ni lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Nile Magharibi ingeonekana kuwa ardhi iliyokwisha limwa. Lakini Kiswahili hapo kina kumbukumbu mbili, ya soko na ya kambi ya jeshi. Tamko la Idi Amin la 1973 la kukifanya lugha ya taifa halijasahauliwa na wale waliolisikia. Pia Kiswahili cha soko la Koboko, chenye upatanisho wa ngeli uliopunguzwa na msamiati wa Kilingala na Kinubi, kiko mbali na kile cha Nairobi kilichorekodiwa. Anayesema "watoto yangu" anaeleweka na kila mtu sokoni. Mashine iliyozoea "watoto wangu" inaweza kumwandika vibaya, na mwalimu atamsahihisha. Kuwaambia watu hawa kwamba wana Kiswahili tayari ni kuwapa lugha ambayo mashine na shule zote mbili zinawaambia hawaijui.

Majina ya vyombo vya dola husema jambo hilohilo. Kitambulisho cha taifa, kilichoanza kutolewa mwaka 2014, kinajulikana nchini kote kama Ndaga Muntu, kwa Kiganda. Watu wa Arua hulitumia jina hilo bila kinyongo. Lakini mpangilio wa masafa kati ya dola na raia umo ndani yake.

Dola inayosikia

Kuna upande wa pili ambao washauri wa sera hawapaswi kuurukia. Kuitaka dola ijenge sikio la Kikakwa na Kilugbara ni kuitaka iwe na uwezo wa kusikiliza simu na redio za watu wa Koboko na Arua. Baada ya kuanguka kwa Amin mwaka 1979, Nile Magharibi iliadhibiwa kwa ujumla wake na askari wa serikali mpya. Mwaka 1980 sehemu kubwa ya watu ilikimbilia Zaire na Sudani, na Juni 1981 waliokuwa wamejihifadhi katika misheni ya Ombaci, karibu na Arua, waliuawa. Waliokuwa watoto wakati huo leo ni wazee wa vijiji. Mazzucato anaandika kutoka nchi ambamo swali la dola ni kama ina ujasiri wa kutosha. Ombaci swali la kwanza kuhusu dola yenye ujasiri ni inataka nini.

Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ipo tangu mwaka 2019. Ofisi inayoisimamia, hata hivyo, iko ndani ya NITA-U, mamlaka ileile inayomiliki mkongo. Mjenzi wa mfereji amekabidhiwa pia ulinzi wa siri za wanaochota maji. Udhaifu huu ni wa kimuundo, na haurekebishwi kwa nia njema ya maofisa. Hifadhi yoyote ya sauti za Nile Magharibi ingepaswa kuwekwa chini ya taasisi ya kitaaluma, Muni kwa mfano, kwa ridhaa ya waliorekodiwa inayoweza kuondolewa, na kwa leseni inayotenganisha matumizi ya afya, elimu na utafiti na yale ya usalama. Leseni haizuii kila kitu. Hulazimisha walau ombi liandikwe na liwe na jina la mwombaji.

Mnunuzi wa kwanza

Sehemu ya kitabu cha Mazzucato inayoifaa zaidi Nile Magharibi si ile ya maabara. Ni ile ya ununuzi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 saketi unganishi zilikuwa ghali mno kwa soko la kawaida. Zilishuka bei kwa sababu serikali ya Marekani, kwa makombora na vyombo vya anga, ilizinunua karibu zote. Uganda haina fedha za kushindana na maabara za California, wala haihitaji kufanya hivyo. Lakini tayari hulipia matangazo ya afya, vitabu vya madarasa ya chini, namba za simu za malalamiko na mifumo ya huduma za kidijitali. Kila moja ya manunuzi hayo ni zabuni, na zabuni huandikwa masharti.

Sharti moja lingetosha kuanzia: huduma yoyote ya sauti inayonunuliwa na wizara kwa ajili ya wilaya fulani isikie lugha ambayo mtaala unaagiza itumike shuleni katika wilaya hiyo, na data iliyokusanywa kwa fedha za umma ibaki ya umma. Kwa Arua hilo ni Kilugbara, kwa Koboko ni Kikakwa. Mzabuni atalalamika kwamba data haipo. Hapo ndipo serikali italipia ikusanywe, kama kifungu cha bajeti ya wizara na si kama fadhila ya mfadhili. Gharama ya kurekodi na kunakili saa mia chache za usemi ni ndogo mno ikilinganishwa na ya kilomita za mkongo, na Muni ina wanafunzi wanaoweza kuifanya kazi hiyo kwa lugha walizozaliwa nazo.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba Kikakwa ni kidogo mno kwa soko la Uganda. Ni kweli kikihesabiwa kwa Uganda peke yake. Lakini Wakakwa wako pia Sudani Kusini na Kongo. Makazi ya wakimbizi ya Lobule, wilayani Koboko, yamepokea Wakongo ambao wengi wao ni Wakakwa wanaozungumza na wenyeji wao bila mkalimani. Sudani Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016 na Kongo mwaka 2022. Tangu hapo eneo zima la asili la Kikakwa liko ndani ya Jumuiya moja. Jumuiya hiyo ina Kamisheni ya Sayansi na Teknolojia yenye makao Kigali na Kamisheni ya Kiswahili yenye makao Zanzibar. Ya kwanza inaweza kuandaa sharti la pamoja la zabuni za huduma za sauti mipakani. Ya pili, ikikubali kwamba kazi yake haiishii kwenye Kiswahili sanifu, ingeweza kuanza na kurekodi Kiswahili kinachosemwa kati ya Vurra, Oraba na Lobule, pamoja na Kikakwa na Kilugbara zinazokizunguka, kabla mkataba mwingine wa huduma za kidijitali haujasainiwa kwa Kiingereza peke yake.